Safu ya Jinsia

Tarehe 4 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba radhi kwa ukimya wa miezi saba. Sina la kujitetea isipokuwa kazi, na najua utasema kazi haikunikata mikono. Magoti yanaendeleaje? Sisi hatujambo. Mke wangu anakusalimu, na watoto wanauliza bibi mwenye miwani atakuja lini.

Nimepandishwa cheo. Sasa mimi ni ofisa bajeti wa baraza la mji, nina meza yangu na dirisha linalotazama ukuta. Tumeletewa fomu mpya. Kila ombi la fedha lina safu ya mwisho iitwayo Jinsia, na humo idara lazima ieleze fedha hizo zitawanufaisha wanawake vipi. Safu ikibaki tupu, bajeti nzima inarudishwa. Wakuu wa idara hawajui waandike nini, basi wananiletea mimi. Idara ya ujenzi iliomba ukuta wa kuzunguka ofisi. Nikaandika: "Utawapatia akina mama kivuli wanaposubiri huduma." Ukapita! Ofisini wananiita Bingwa wa Safu. Cheka basi, Shangazi.

Nisaidie jambo moja. Ile siku ya mafuriko uliyokuwa ukitusimulia, wewe na mkunga mwenzako mlizalisha wanawake wangapi? Niandikie kwa kirefu kidogo.

Mwanao

Tarehe 15 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Magoti ni yaleyale. Yakitaka kuuma hayaombi ruhusa. Nimefurahi kwa cheo chako, lakini sikufurahi kupokea barua iliyochapwa kwa mashine. Mtu humwandikia mkubwa wake kwa mkono. Na kuhusu ukuta, sikucheka. Kivuli cha ukuta hakijamzalisha mtu.

Siku ya mafuriko walikuwa kumi na mmoja. Tulianza alfajiri tukamaliza jua linazama, sisi wawili tu, maji yakiwa yamefika kwenye vifundo vya miguu. Mikasi tuliichemsha katika sufuria ya chai. Hatukuketi wala hatukula. Mabinti wa leo wako sita katika zamu ya mchana na bado wanasema wamechoka. Ungewapa wawili tu, lakini wawili wanaoijua kazi, ungeona wadi inavyokwenda. Yule Mwepesi, binti wa mwisho niliyemfundisha kabla sijastaafu, peke yake ni sawa na watatu. Mikono yake naijua kama yangu.

Wasalimu watoto. Waambie bibi atakuja baba yao akijifunza adabu ya barua.

Shangazi yako

Tarehe 20 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Watoto hawajambo? Nakuandikia mara ya pili kabla hujanijibu mara ya kwanza, jambo ambalo si kawaida yangu.

Tangu mwanzo wa mwezi huu zamu ya mchana ya wadi ya uzazi ina wakunga wawili. Wanne wamepewa barua za kuachishwa kazi. Mwepesi, ambaye amebakizwa, amekuja kwangu na nakala ya uamuzi wa baraza. Alisimama mlangoni, akakataa kuketi, akanisomea: "Mtaalamu mstaafu mwenye uzoefu wa miaka thelathini na minne anathibitisha kwamba wakunga wawili wanaoijua kazi wanatosha."

Akaniuliza, "Mama, ni wewe?"

Nilimwambia nitamjibu nikishakuuliza wewe. Basi nakuuliza.

Shangazi yako

Tarehe 2 Julai

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini hasira haijakupandisha presha. Sikuongeza hata neno moja. Maneno ni yako, na barua yako imo katika jalada, kiambatisho cha tatu. Nilidhani ungejivunia.

Hebu nielewe. Mwenyekiti wa baraza alitaka gari jipya, na fedha zilipaswa kutoka mahali fulani. Kila aliyegusa idara ya barabara alijuta, wale wana kelele. Wakunga hawana kelele. Na usidhani nimewasahau wanawake! Kwenye safu ya gari niliandika: "Litabeba wajawazito wakati wa dharura." Kwa karatasi, akina mama mwaka huu wamepata zaidi ya mwaka jana. Baraza letu limepewa cheti cha bajeti yenye usawa. Kimetundikwa ukumbini, na mkuu wangu alinipiga begani mbele ya watu.

Mwambie Mwepesi awe na subira. Si ulisema yeye ni sawa na watatu?

Mwanao

Tarehe 9 Septemba

Mwanangu,

Leo sitauliza habari za nyumbani. Nasikia mnakula na mnalala.

Jumanne iliyopita, baada ya adhuhuri, wadi ilikuwa na wazazi watatu kwa wakati mmoja. Mkunga wa pili alikuwa na mama ambaye mtoto wake alitanguliza miguu, hakuweza kumwachilia. Mwepesi alikuwa kati ya vitanda viwili. Katika kimoja alilala mshona nguo wa mtaa wa nyuma ya soko, mimba ya tatu. Alijifungua salama, kisha akaanza kutokwa damu. Mwepesi alimkandamiza tumbo kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akapiga simu kuomba gari la mwenyekiti limpeleke hospitali kubwa.

Dereva alijibu kwa adabu kabisa. Gari lipo uani, limeoshwa, lina mafuta. Lakini fomu ya kulitoa husainiwa na mwenyekiti, na mwenyekiti yuko mezani anakula, ameagiza asisumbuliwe. "Akinawa tu, dada, nitamfikia."

Mshona nguo alikufa saa tisa. Mtoto yu hai, analelewa na bibi yake.

Baraza limeunda kamati, na aliyeshtakiwa ni Mwepesi. Wanasema ni uzembe. Akionekana ana hatia, leseni yake itafutwa na jalada litakwenda polisi. Nenda ukawaambie wadi ilipunguzwa watu kwa kalamu yako. Sikuombi. Nakutuma, kama nilivyokutuma ulipokuwa ukikaa chini ya paa langu.

Shangazi yako

Tarehe 18 Septemba

Shangazi,

Shikamoo. Nakuandikia kwa mkono, kama upendavyo.

Siwezi. Kamati imeshauliza kama wakunga wawili wanatosha, na jibu wanalo, kiambatisho cha tatu. Kama wawili wanatosha na mtu amekufa, basi kosa ni la aliyekuwa kazini. Mimi nikisimama na kusema hawatoshi, wataniuliza kwa nini niliandika wanatosha. Nina watoto watatu, Shangazi, na nyumba ya baraza.

Mwepesi bado kijana. Atapata kazi nyingine, hata ya dukani. Wewe kaa kimya tu, mambo yatapita.

Mwanao

Tarehe 25 Septemba

Mwanangu,

Wanawake kumi na mmoja, hiyo ni kweli. Maji na sufuria ya chai, ni kweli pia. Sasa nitakuandikia yaliyobaki.

Wawili hawakutoka hai. Mmoja alikuwa sakafuni karibu na mlango kwa sababu vitanda vilikwisha. Aliniita, "Dada, dada," nami nikamjibu, "Subiri," mara nne au tano, mpaka hapakuwa na wa kumjibu. Wa pili alikwisha kujifungua. Alinitabasamia, nikamgeuzia mgongo kwenda kwa mwingine. Niliporudi, godoro lilikuwa limelowa hadi chini. Damu ileile iliyomwua mshona nguo, na sababu ileile: hapakuwa na mikono.

Daftari la siku ile nililiandika mimi. Niliandika: "Waliletwa wakiwa wamekwisha kufa." Hawakuletwa hivyo. Mwenzangu aliniona nikiandika, akanyamaza mpaka anazikwa. Kwa miaka yote hii nimekuwa nikisimulia siku hiyo kwenye karamu, na watu wananipigia makofi, nami nikiishia kwenye mikasi.

Nimeyaandika haya yote katika maelezo ya ukurasa mmoja, nimetia sahihi mbele ya wakili, nayo yamo ndani ya bahasha hii. Wanishtaki wakitaka. Nilikwenda kwenye kamati mwenyewe. Karani akaniambia hawapokei karatasi ila kupitia kwa ofisa aliyefungua jalada la wakunga, na ofisa huyo ni wewe. Ifikishe. Mwepesi nimekwisha kumjibu swali lake. Hakunitukana. Alivaa viatu akaondoka.

Shangazi yako

Tarehe 30 Oktoba

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima. Sisi hatujambo. Samahani kwa mashine, nina haraka.

Maelezo yako niliyafikisha, usiseme sikuyafikisha. Niliyasoma mbele ya kamati, yote, hata pale pa sakafuni. Kisha mwenyekiti wa kamati akaniuliza, kwa kuwa mimi ni mtu wako wa karibu, hali yako ya akili ikoje siku hizi. Nikasema kweli: una miaka sabini na sita, unaishi peke yako, na mara nyingine unamwita binti yangu kwa jina la marehemu mama yangu. Wakatikisa vichwa kwa huruma. Maelezo yameandikwa "ya mzee, hayakuzingatiwa."

Mjumbe mmoja, mwanamke, akauliza, "Na barua yake ile ya kwanza, tuiamini kwa nini?" Nilimjibu kwamba hiyo uliiandika Februari, ulipokuwa bado mzima.

Mwepesi alikuwamo chumbani. Aliomba kusema neno, akaambiwa zamu yake ya kusema ilipita. Kwenye ngazi nilimpa pole. Akanitazama mikono, si uso, halafu akashuka.

Usikasirike. Nimekulinda. Mtu mwenye akili timamu aliyeandika uongo kwenye daftari la wadi angefungwa. Mzee aliyechanganyikiwa anaachwa alale nyumbani kwake. Hata daktari wa baraza amekubali kukupa cheti.

Wanakaa tena Alhamisi. Usije, ngazi ni nyingi na walinzi wana maagizo. Nitakuandikia uamuzi ukishatolewa.

Mwanao