Mzee wa Baiskeli Mbele ya Bampa

Jumatano, baada ya Isha

Naandika haya kabla sijalala.

Nilikuwa natoka Goweko na mama kwa gari, nampeleka hospitali ya Kitete kupimwa presha. Mvua ikatushukia ghafla, na waipa ya kufuta kioo upande wangu ikalala. Mota inanguruma, mkono hausogei. Ya upande wa mama iliibwa sokoni zamani. Wiki mbili nimeuona mkono ule unalegea, kila siku nasema nitampelekea fundi kesho.

"Simama, mwanangu," mama akasema.

"Tutachelewa, mama."

"Nimesema simama!"

Nikakanyaga breki kwa hasira, nikashuka na khanga kufuta kioo. Hatua mbili mbele ya bampa, mzee mmoja alikuwa amechuchumaa njiani, amejifunika nailoni kichwani, anarudisha mnyororo wa baiskeli. Wala hakuwa ametusikia.

Yeye ndiye aliyenisalimu kwanza. Nikamwonyesha waipa. Akaushika mkono wa waipa pale chini unapofungwa.

"Nati imelegea hii," akasema, akaikaza kwa spana yake ya baiskeli. Ikafuta vizuri kabisa.

Kisha akanipa mkono. "Asante kwa kusimama kwa ajili yangu, binti yangu. Wenzio wote wamenipita na mvua hii."

Mama akanitazama kupitia kioo. Mimi nikajibu, "Hakuna shida, baba."

Hakuna shida! Kwa mdomo wangu huu huu.