Stadi ya Mwisho kwenye Injini ya Baba

Jumatatu, 4 Machi

Daktari wa masikio hakuzungusha maneno. Sikio la kushoto la Baba limekwisha. La kulia linafuata. Nikamuuliza kama ninavyowauliza mawaziri: lini? Hawezi kutaja siku, ila tusipange mambo ya mwakani.

Baba alikuwa anatazama midomo yetu. Njiani akaniambia, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya barabara, kwamba hataki kifaa cha sikio wala redio. Anataka kuisikia injini yake mara moja tu. Basi.

Injini yake! Gari lile limelala bandani tangu nikiwa shule ya msingi. Mama huliita Mke Mwenza. Leo kasema: "Mwambie mwenzangu aamke upesi, mume anazeeka."

Jumatano, 6 Machi

Fundi ameishusha injini, iko juu ya meza bandani. Silinda hedi, kifuniko chake cha juu, imetoka. Zimebaki stadi zake kumi, vyuma vinene kama kidole vilivyosimama kwenye bloku, yaani mwili wa injini, miguu imekabwa na kutu ndani. Lazima zitoke. Hesi zimeliwa, hedi ikirudishwa juu yake haitashika.

Fundi hatumii nguvu. Anapasha moto, anagusisha mshumaa, nta inanywewa na hesi. Anasubiri. Kisha anagonga kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Iliyong'ang'ania inalia kali. Iliyoachia inalia bovu, kama chungu chenye ufa. Hapo ndipo anashika spana: robo mzunguko mbele, robo nyuma. Kasema ukiilazimisha, nusu yake inabaki humo humo.

Nne zimetoka. Baba kaketi pembeni, hasikii milio, anauliza kila mara: "Imesemaje?" Namwonyesha dole gumba.

Bloku nyingine hakuna. Nimepiga simu kwa kila ninayemjua, na kazi yangu ni kujua watu. Zote zilishauzwa kama vyuma chakavu.

Alhamisi, 7 Machi

Tano tena! Imebaki ya kona. Iko jirani na njia ya maji, ndiyo maana imeoza kuliko wenzake. Fundi kaipasha, kaipa nta, kaiacha hadi Jumamosi. Isiguswe. Kasema mara mbili, macho yakiwa kwa Shemeji, mume wa Dada.

Jumamosi, 9 Machi

Shemeji!

Fundi alichelewa. Shemeji akaingia bandani na nia njema na bomba refu. Akalivisha kwenye mpini wa spana, akaning'inia. Mimi na Mama tulikuwa jikoni. Tulisikia "ta!" — kama mtu kavunja ufito gotini.

Stadi imekatika sawasawa na uso wa bloku. Hakuna pa kushika.

Dada akamjia juu mumewe: si uliambiwa? Shemeji: "Nilitaka kumpunguzia fundi kazi." Mama: "Umempunguzia, mkwe. Chuma kirefu umekifanya kifupi." Hakuna aliyecheka. Mama mwenyewe hakucheka.

Fundi hakugomba. Aliinama, akapuliza vumbi, akapitisha ukucha pale ilipokatikia. Drili anaiogopa: ikiteleza kidogo inatoboa njia ya maji, na bloku inabaki jiwe la kuzuilia geti. Atachomelea nati juu ya kile kisiki, apate pa kushika. Mara moja, mbili, tatu mwisho. Zaidi ya hapo moto utaipasua bloku yenyewe.

Baba hakuisikia ile "ta". Hakuna aliyemwambia. Jioni kauliza: "Ya kona imesemaje?"

Nikamwonyesha dole gumba.

Nimefichua uongo wa watu wengi kwa kalamu. Wangu nimeusema kwa kidole.

Jumapili, 10 Machi

Mama kamwita Baba akiwa nyuma yake. Hakugeuka. Kamwita tena, kwa sauti. Kisha akazunguka mbele, akamgusa bega. Hakutania.

Jumanne, 12 Machi

Nati ya kwanza ilibanduka asubuhi. Ya pili nayo — ilizunguka kidogo, nikapumua, kumbe imebanduka yenyewe, kisiki hakijatikisika. Fundi kakaa chini, kajifuta uso kwa kiwiko.

Shemeji yupo. Kazi yake ni kushika ndoo ya maji, isiyo na hatari. Nikamwambia mikono ibaki kwenye ndoo. "Ipo kwenye ndoo, mwandishi. Andika hivyo hivyo, usiongeze chumvi."

Ndipo Baba akaingia. Tulikuwa tumemwacha amelala. Alisogea mezani, akakiona kisiki. Hakuuliza nani. Hakunitazama usoni, alinitazama mkono. Kisha akavuta kiti, akaketi, akatupa mgongo, uso mlangoni.

Nati ya tatu. Fundi kaichomelea mpaka ikawa nyekundu. Kazima mashine. Kasema sasa ni kuacha ipoe. Chuma kikipoa kinajivuta, na hapo kutu huachia. Au chomeo, pale nati ilipoungwa, hukatika. Nikamuuliza mtu atajuaje. Kasema huwezi kujua kwa mlio, yote mawili yanalia sawa. Utajua ukitia spana, na spana haitiwi mpaka kiganja kiweze kukaa juu ya bloku.

Tumeketi. Nimekalia tairi, naandika ili mikono iwe na kazi.

Ta!

Moja, kavu. Shemeji kafumba macho. Fundi kainua kichwa. Nati iko pale pale, haionyeshi kitu.

Baba kageuka. Mgongo ulikuwa kwetu, mikono magotini, hakuna alichogusa.

"Hiyo nimeisikia," kasema. Kwa sauti ya chini, ya zamani. "Imeachia au imekatika?"

Fundi kaweka kiganja kwenye bloku, kakiondoa upesi. Bado.

Baba hamtazami fundi. Anatazama mkono wangu. Dole gumba limeshika kalamu. Siliinui.