Vidole Viwili

Jumatatu, 4 Juni

Leo nimefungiwa sandukuni mara saba. Picha yetu ya sinema haina sauti, watazamaji wataona mdomo ukifunguka tu. Kwa hiyo napiga mayowe mpaka koo linakauka na pale studio hakuna hata anayegeuka. Mwongozaji anasema watu wamechoka na vichekesho, wanataka kukaa roho juu. Roho zao, mbavu zangu.

Nimepatana na mpiga picha. Nikizidiwa kweli nitatoa mkono kwenye upenyo, nikunje vidole viwili — asimamishe mtambo wa picha, wafungue. Kasema nisijali.

Jumatano, 6 Juni

Hewa iliniishia. Nikakunja vidole. Wakafungua. Nimelowa jasho chapachapa, lakini ni mzima.

Alhamisi, 7 Juni

Tumetazama kipande cha jana ukutani. Mwongozaji nusura aanguke kitini. Vile vidole! Ameviingiza kwenye hadithi: kila sehemu iishie hapo, vidole vinakunjwa, giza, watu warudi wiki ijayo kujua kama nimepona. Nikamwambia ile ilikuwa ishara ya kuomba msaada. Akasema ndiyo maana inachoma.

Mpiga picha anatazama viatu vyake. Nilitia sahihi mkataba wa sehemu kumi na mbili. Hii ni ya tano. Nimeyataka mwenyewe.

Jumamosi, 9 Juni

Leo ni tangi la maji, mikono na miguu imefungwa. Tumekaa watatu — mimi, mpiga picha, na mdogo wangu anayeshona mavazi hapa — tukitafuta ishara nyingine. Kutikisa kichwa? Kurusha miguu? Kukodoa macho? Yote hayo mtu anayezama huyafanya, nani atajua? Mdogo wangu ndiye aliyepata: tabasamu, dada. Hakuna anayezama akitabasamu. Tukakubaliana.

Nimejaribu mbele ya kioo. Mara ya kwanza lilitoka tabasamu la maiti. Ya pili afadhali. Nikasikia mtu nyuma yangu — mwongozaji. Sijui kasimama pale tangu lini. Kasema hilo hilo, bibie, ukifika chini nipe hilo. Kisha akampazia sauti mpiga picha: akitabasamu, usiache kuzungusha mtambo hata kidogo.

Nikamsikia mpiga picha akijibu sawa, mzee.

Naogopa. Tangi limejaa. Mdogo wangu ananifunga miguu, anafunga polepole makusudi, machozi yanamtoka. Mikono bado, ndiyo maana naandika. Ananinong'oneza nifikirie upesi ishara nyingine, yoyote, kamba inakaribia kwisha, na mimi