Kaa Chini, Unatuziba

Tiziana. Nimekaa kwenye gari nje ya kiwanda. Sirudi ndani.

Si unajua Injinia Bragaglia, mkurugenzi wetu, alitualika wote tutazame mechi ya Italia na Uswisi kwenye banda la kufungashia? Skrini kubwa, mikate ya nyama ya nguruwe, bia ya bure. Mkurugenzi mzima kavaa jezi ya buluu! Tukasema leo bosi kaingiwa na utu.

Mapumziko, bado bila bila. Akashika kipaza sauti. "Jamani, kahabari kadogo tu."

KAHABARI KADOGO! Eti mashine zetu za kufulia zitatengenezwa Serbia kuanzia mwezi wa tisa, kule watu wanalipwa nusu yetu. Sisi wote mia mbili na kumi, kwaheri. Anatabasamu. "Haya, kuleni, vijana wanarudi uwanjani."

Kuleni!!

Settimio wa chama cha wafanyakazi akasimama mbele ya skrini. "Injinia, nina miaka thelathini na moja hapa. Hatutazami mpira mpaka utujibu."

Kipindi cha pili kikaanza. Italia wanashambulia. Mtu akapiga kelele: "Settimio, kaa chini, unatuziba!"

Banda zima likacheka. Na yule mzee akakaa, Tiziana. Akakaa! Dakika mbili baadaye, goli. Injinia anatukumbatia mmoja mmoja, na sisi tunakumbatiwa kama mazuzu.

Usiniulize nani alipiga kelele.

Settimio ndiye aliyenifundisha kazi. Kabla hajakaa aligeuka, akanitazama, akasema, "Samahani, Ornella."