Baba, Mama Ametubu kwa Niaba Yako

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Marahaba yako ile nzito naiweka mwenyewe kichwani, kisha naendelea.

Nakuandikia kutoka Runzewe, nyuma ya duka langu la vitenge. Mvua imewazuia wateja. Jumapili iliyopita nilikuwa Kagongwa, kanisani. Ndiyo, mimi Kabula, kanisani. Yaliyotokea huko sina wa kumweleza akaelewa ila wewe, na tena wewe ndiye uliyetajwa. Nitaanzia mbali kidogo, kwa kuwa barua hii naiacha wazi na wengi watakaoisoma hawakukujua.

Ulikuwa fundi cherehani na mwalimu wa kwaya. Kibaraza chako kilitazamana na mlango wa kanisa, barabara ya vumbi ikipita katikati. Majoho ya kwaya uliyashona wewe, yale ya zambarau yenye kola nyeupe. Jumamosi mchana ulipita kwenye mistari ukiinamisha sikio karibu na mdomo wa kila mwimbaji. "Mama Neema, unapanda kabla ngazi haijaletwa," ulimwambia, watu wakacheka, naye akacheka kuliko wote. Kwingine kote ulikuwa fundi tu, mtu wa kuambiwa suruali inabana. Pale ulipoinua mkono, watu wazima walinyamaza wakakusubiri.

Kisha baba mdogo Masanja akafa.

Alikuwa mdogo wako wa mwisho, aliyeacha pamba na ng'ombe akaenda kuchimba dhahabu upande wa Segese. Duara, yaani shimo la kuchimbia, lilititia wakiwa chini. Wenzake walitolewa, yeye hakuonekana. Walichimba kumtafuta hadi kuta zikaanza kuwamomonyokea waokoaji wenyewe, wakaacha. Bibi akakaa chini sakafuni, akakataa kula. Alisema mtoto wake yuko nje kwenye baridi, na sisi tumefunga mlango. Wazee wa ukoo wakaamua Masanja aitwe arudi nyumbani. Anayeita ni kaka mkubwa, na kaka mkubwa ulikuwa wewe.

Ulinichukua mimi, mtoto wako wa kwanza. Wazee wakachinja mbuzi kwenye mdomo wa lile duara, wakamwaga pombe ya mtama. Wewe ukapiga magoti ukaita kule chini kwa sauti yako ya besi: "Masanja! Masanja, tujage kaya." Twende nyumbani. Uliita mpaka sauti ikakatika. Ukachota udongo, ukaufunga kwenye shati lake, tukaurudisha nyumbani na kuuzika kama tunavyomzika mtu. Siku ile bibi alikunywa uji.

Habari zikafika kanisani kabla hata hatujanyoa nywele za msiba. Baraza la wazee wa kanisa likakuita. Nilikusindikiza, nikakaa nje chini ya dirisha, na kila neno nililisikia.

"Uliabudu mizimu, hukuabudu?"

"Nilimwita mdogo wangu."

"Mfu haitwi, mwalimu. Uliabudu?"

"Mzee wangu, wewe waliokufa kwako wote umewaosha kwa mikono yako. Mimi wangu sikumwona."

Mchungaji wa wakati ule akaongea kwa upole, na upole ule unaniuma kuliko ukali wa wengine wote. "Simama Jumapili mbele ya watu, tubu, yaishe. Ni maneno tu."

Ukamjibu, "Kama ni maneno tu, mbona mnayataka?"

Ukatengwa. Hakuna Meza ya Bwana, hakuna kwaya, hakuna kufundisha. Walitangaza ibadani, na wanakwaya wako wakatazama sakafu.

Nilidhani utahama. Kagongwa ina makanisa mengi, na kila moja lingeruka kwa furaha kumpata mwalimu kama wewe. Lakini kila Jumapili ulioga, ukavaa koti lako, ukakaa kibarazani kando ya cherehani iliyofunikwa kitambaa. Wao walipoimba ng'ambo ya barabara, wewe uliishika besi huku. Wapita njia walipunguza mwendo, wengine kwa huruma, wengine kwa kejeli. Nilikuuliza siku moja nikiwa na hasira, "Baba, kwa nini usiende kwingine?"

"Kule watanifundisha nyimbo mpya," ulisema. "Hizi ndizo nilizonazo."

Mimi nikaacha kwenda kanisani kabisa. Sikugombana na Mungu. Ilikuwa kila nikisikia neno kanisa naliona dirisha lile, na wanaume wamezunguka meza, wakiamua nani abaki na watu na nani akae peke yake. Hata leo nafikiri hivyo. Upendo unaotolewa na kunyang'anywa kwa kura ya kikao siujui jina lake, lakini sidhani ni ule uliokuwa ukituimbisha.

Hapa Runzewe nina jirani anaitwa Salome, ametoka Mtwara kumfuata mume aliyekuja kutafuta dhahabu na akatokomea nayo. Anasali kwenye kanisa la maturubai, kwa mchungaji anayeahidi magari na nyumba kila wiki. Salome mwenyewe humwigiza tukacheka hadi machozi. Nikamuuliza, "Sasa huyo unamwamini?" Akaacha kucheka. "Siku niliyotoka hospitali mtoto wangu amefariki, waliokuja kunipokea ni wale wa maturubai. Waliniogesha, Kabula. Sikuwa na ndugu hata mmoja huku. Unataka niamini nini zaidi ya hapo?" Nilikukumbuka wewe kibarazani, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba hukuwa ukilisikiliza lile baraza. Ulikuwa ukimsikiliza Mama Neema akipanda kabla ya ngazi.

Ulipofariki, kanisa lilikataa kukuzika. Kengele haikugongwa, mchungaji hakuja. Tulikuwa tumeshakushusha kaburini tulipowaona wanawake wanakuja kwa njia ya shambani, wamejifunga kanga za kawaida. Kwaya yako. Majoho uliyowashonea walikuwa wamekatazwa kuyavaa. Mjomba akawauliza kama wana ruhusa. Mama Neema akasema, "Tumekuja kama majirani. Jirani hakatazwi kuimba." Wakaimba. Walikosea mahali pawili patatu, na hakukuwa na wa kuwasimamisha.

Basi, mwaka huu mama ameanza kuvimba miguu. Mchungaji aliyepo sasa ni mgeni, mtu mstaarabu, hakuwepo enzi zako. Alikwenda kumwona, akamwambia baraza limelitazama upya suala lako. Familia ikisimama na kutubu kwa niaba yako, utahesabiwa umerudi kundini, na watakuja kukuombea kaburini. Mama akanipigia simu. Nilifika kesho yake nikiwa nimejaza maneno mdomoni.

"Mama, baba alikataa kusema ndiyo mpaka anakufa."

"Alikataa, nami nikaachiwa kukataa kwake." Alikuwa anamenya viazi, hakuinua macho. "Yeye alikaa kibarazani, kila mtu akamwona. Mimi nilikaa mle ndani kwenye benchi peke yangu miaka yote ile, wenzangu wakisogeza watoto wao mbali nami. Mimi uliniona?"

Sikuwa nimemwona, baba. Nadhani hata wewe, kwa pale ulipokaa, mlango ulikufichia.

"Nataka wanizike," akasema. "Nataka kengele, na majoho. Sitaki waje kama majirani."

Jumapili nikamshika kiwiko tukapita mbele. Mchungaji akauliza kwenye kipaza sauti, taratibu, kama mtu anayependa kazi hiyo iishe salama, "Mama, unakiri kwamba mumeo alikosa, na unatubu kwa niaba yake?"

Mama alinyamaza. Alinyamaza mpaka watu wakaanza kukohoa. Nikamwomba Mungu ambaye siongei naye kwamba anyamaze hivyo hivyo turudi nyumbani.

"Ndiyo," akasema.

Vigelegele vikapasua paa. Wanawake wakatoka kwenye mabenchi wakamzunguka, wakamkumbatia, wakalia. Mama Neema, sasa anatembelea fimbo, akamshika uso kwa mikono miwili: "Karibu nyumbani, Mama Kabula." Wakanikumbatia na mimi pia, bila kuniuliza ninaamini nini. Walinukia mafuta ya nazi na moshi wa kuni kama zamani, na nikueleze kweli, baba, kuna kitambo sikutaka waniachie.

Kisha mchungaji akanisogezea kipaza sauti. "Na binti yetu?"

Nikatikisa kichwa. Nikarudi kukaa. Hakuna aliyenifokea. Walinipisha tu, kwa adabu, na benchi likabaki na nafasi kulia kwangu na kushoto.

Mchana walikuja kaburini kwako. Kwaya imevaa majoho, mapya, yameshonwa na mtu mwingine. Mchungaji akaomba sala nzuri. Mama alisimama kwa miguu yake iliyovimba mpaka wimbo wa mwisho, uso ukimng'aa kama wa msichana. Sijapata kumwona hivyo tangu wewe utengwe. Jioni nikimkanda miguu akasema, "Umenikasirikia."

"Hapana, mama."

"Mungu anajua nilichokisema pale. Baba yako naye anajua."

"Na wewe?"

"Mimi najua wataniimbia," akasema, akafumba macho.

Nimerudi dukani na mambo haya kifuani. Wewe ulishika neno lako ukapoteza watu wako. Mama amewapata watu wake kwa kulitoa neno lako. Mimi nina uhuru wangu wote, na siku nikifa sijui nani atakuja, labda Salome na wale wa maturubai, na labda nitawashukuru. Wote watatu tulitaka kitu kilekile. Wale wazee wa kanisa nao, nikiwa mkweli, labda walikitaka, wakaogopa kwamba mlango usipolindwa hakutakuwa na ndani.

Mama simlaumu kwa kusema ndiyo, baba. Usimlaumu na wewe. Kinachonisononesha, na kitakachonisononesha hadi uzee wangu, ni kwamba aliulizwa.

Pumzika.

Mtoto wako wa kwanza,
Kabula