Chokoleti za Jidda na Halwa ya Mama

Jumamosi, 10 Februari 1996

Futari: tende moja, uji, sambusa mbili. Chai bila sukari, wiki ya tatu sasa. Haizoeleki. Nyumbani kwetu sukari huchemshwa pamoja na majani na maziwa, kwa hiyo mke wangu Saadia hunipikia yangu peke yake, sufuria ndogo, kama mgeni asiyeaminika. Kidole gumba cha mguu wa kushoto bado cheusi pembeni. Nimebadilisha bendeji.

Nafunga, ingawa daktari hakupenda. Vidonge nameza daku na futari.

Jumatatu, 12 Februari

Kifurushi kutoka Jidda, kimetumwa na mdogo wangu Abdi. Bati la chokoleti, kama kila mwaka kabla ya Idi. Hajui kuhusu sukari yangu. Anajua Saadia na daktari, basi. Mwalimu mzima kuuonea aibu ugonjwa? Ndiyo, naona aibu.

Saadia amelifukia bati kwenye mchanga mbichi chini ya mtungi, joto lisiziyeyushe. Ni la wageni, akasema. Alikuwa ananitazama mimi.

Jumatano, 14 Februari

Nimeshindwa. Saadia alipokwenda tarawehe nilibaki nikisingizia mguu. Nikafukua. Nilianza na moja. Nilipokuja kuangalia, karatasi zilikuwa saba, na nilikuwa nazilamba. Mzee wa miaka hamsini na mitatu.

Zilikuwa tamu sana. Humu sitadanganya.

Nilikumbuka Griftu, tulikokulia. Sukari ya nyumbani ilikaa kwenye kopo lililoning'inizwa juu, ndani ya kibanda chetu cha mikeka. Abdi alikuwa akinipanda mabegani, tunachovya vidole, tunakimbilia kwa mbuzi. Mama alijua siku zote. Alicheka tu. Wakati ule sukari haikumdhuru mtu, ilikwisha kabla ya kudhuru. Nazitamani siku zile kuliko hata chokoleti.

Alhamisi, 15 Februari

Saadia amegundua. Niliusawazisha mchanga kupita kiasi, hakuna mtu nyumba hii anayesawazisha mchanga. Alilibeba bati akawapa majirani. Heri angenigombeza.

Ijumaa, 16 Februari

Hospitali baada ya swala ya Ijumaa. Sukari imepanda. Daktari alikibonyeza kidole, sikusikia kitu, na hilo ndilo lililomkunja uso.

"Mwalimu, mimi sikugombezi," akasema. "Lakini sukari ikibaki hivi, baada ya Idi tutakikata."

Nimeogopa. Nimewaona walioanza na kidole wakaishia na magongo.

Jumapili, 18 Februari

Mama amefika kutoka Griftu, kiti cha mbele cha lori la mifugo, siku mbili njiani. Amepungua. Alipomkumbatia Saadia alimfika kifuani. Amekuja na halwa aliyoinunua Wajir, imefungwa karatasi, mafuta yamepenya.

Hapo ndipo taabu yangu ilipo. Asubuhi ya Idi, tukitoka kuswali, kabla mtu hajagusa chakula, Mama hututia halwa mdomoni kwa mkono wake. Tangu niote meno. Mwaka niliokuwa chuo cha ualimu nikaikosa Idi, aliniwekea fungu langu miezi miwili. Lilikuwa gumu kama kwato. Nililila lote.

Saadia anasema nimwambie. Siwezi. Nani anajua kama mwakani atakuja? Tonge moja haliui, najiambia. Nilisema hivyohivyo kwa chokoleti ya kwanza.

Jumanne, 20 Februari

Mwezi umeonekana. Watoto wanapiga kelele uani. Sijamwambia.

Jumatano, 21 Februari. Idi.

Nilirudi kutoka uwanjani nikamkuta Mama mkekani, karatasi imefunguliwa. Nyumba nzima ilinukia iliki. Alikuwa tayari ameshamega.

"Hooyo, fungua mdomo." Hooyo kwetu ni mama, na mama zetu hutuita sisi watoto kwa jina lilelile tunalowaita wao.

Mate yalinijaa. Nilifumba mdomo.

Kisha nikapiga magoti, nikamwambia yote mbele ya wanangu. Sukari, kidole, hata chokoleti zile saba. Mkono wake ulibaki hewani muda wote nikisema. Nilijua nimemvunja moyo. Sijawahi kujichukia vile.

Aliomba kuuona mguu. Nikavua soksi. Aliulaza mapajani kwake, akaupapasa, kwa sababu macho yake hayaoni vizuri tena, kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa bado na lile tonge la halwa. Halafu ile halwa akaila yeye mwenyewe, polepole, mpaka ikaisha. Vidole vitupu akaviweka midomoni mwangu, akasoma dua.

"Nilikulisha ili utembee, hooyo," akasema. "Basi tembea."

Nililia kama mtoto. Wanangu walitoka nje bila kuambiwa.

Jumamosi, 2 Machi

Jana hospitali. Sukari imeshuka. Daktari alikibonyeza kidole, nikaruka kwa maumivu, akacheka. Hawakati, kwa sasa. Nirudi baada ya mwezi.

Leo alfajiri Mama amerudi Griftu. Nilimsindikiza hadi kwenye malori. Saadia alitaka tutafute gari, Mama akakataa. Tulikwenda kwa miguu, mimi na kiatu kilichokatwa mbele, yeye na fimbo, tukisimama kila mara. Sijui ni nani aliyekuwa akimngoja mwenzake.