Sisi Wenye Mamba

Kaka Ponsiano,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Jane na watoto. Sisi huku tuko hai, na neno hilo nimelichagua. Baba yuko hai. Nalisema mapema kwa sababu habari najua zimeshakufikia kupitia watu wa Kibaoni, na watu wa Kibaoni nawajua wanavyokoleza. Ningepiga simu, ila mtandao wa hapa kijijini mpaka upande kile kichuguu cha shuleni, na pale juu hukosi watu wa kukusikiliza. Haya siyo mambo ya kusemea kichuguuni.

Mwaka jana alikuja bwana mmoja kutoka Dar, anaitwa Martin, akajenga kambi ya wageni chini kidogo ya kivuko. Hakukaa sana akaambiwa yale maneno tuliyokua nayo mimi na wewe, kwamba sisi Wandamba tunafuga mamba, Mndamba ukimuudhi usioge mtoni. Sisi maneno hayo yalitukosesha wa kukaa naye dawati moja. Yeye yalimfurahisha. Akamfuata baba nyumbani, akamwomba awe anakaa kwenye gogo jioni mbele ya wageni, aite mamba. Baba akamjibu kwamba yeye ni mvuvi mwenye magoti mabovu, na akiona mamba hukimbia kama mtu mwingine yeyote. Martin akasema hilo siyo tatizo, aseme chochote kwa Kindamba, wageni hawatajua.

Basi baba akaimba ule wimbo wa mama. Ule wa kutubembelezea, wa nyamaza mtoto, baba yuko mtoni, atarudi na perege. Walimvisha kitambaa cha madoa ya chui kutoka sokoni Ifakara, wakamshikisha kibuyu kitupu. Na mamba walikuja kweli, kwa kuwa wapishi wa kambi walikuwa wakimwaga matumbo ya samaki pale pale, saa hiyo hiyo. Baba akirudi nyumbani anatusimulia huku anacheka mpaka anakohoa. Mimi haikunichekesha, lakini sikumkataza. Tangu mama atutoke sikuwa nimemsikia akicheka namna ile.

Wageni hawakujua, ni kweli. Ila vijana wanaowavusha wageni kwa mitumbwi walimrekodi, na video ikazunguka kijiji kizima.

Masika haya Deus, mume wa Justa, alikwenda asubuhi kukagua nyavu zake na hakurudi. Ulipatikana mtumbwi, na damu kwenye matete. Justa unamkumbuka, yule Mpogoro tuliyesoma naye, sasa ni jirani yetu wa nyumba ya tatu. Mwanawe nimemlea mimi. Justa akienda kupalilia mpunga, mtoto yuko mgongoni kwangu mpaka jioni.

Hata matanga hayajaanuliwa, migomba yetu ilikuwa imefyekwa yote na nyavu za baba zimechomwa uani. Kisha tukaitwa ofisi ya kijiji. Nilikwenda nimemshika baba mkono, na sikufichi, kaka, nilijua naweza kurudi peke yangu. Vijana walikuwa na mawe na wala hawakujisumbua kuyaficha. Simu ikapitishwa mkono kwa mkono, baba anaonekana na kibuyu chake, mamba wanatokeza. Kaka yake Deus akamwambia mwenyekiti asihangaike kuita polisi, huyu mzee akabidhiwe kwao, wao wenyewe watajua la kufanya naye. Martin naye aliitwa. Alikuwa amekaa karibu na gari lake, ufunguo mkononi.

Nikasimama. Nikawaambia kwamba huo siyo uganga, ni wimbo wa kulazia watoto, na ili waamini nikauimba pale pale, wote, mwanzo mpaka mwisho. Wandamba wenzetu walikuwepo, wengi walilazwa kwa wimbo huo huo. Wakatazama miguu yao. Siwalaumu. Kwa kweli nawalaumu, kwa nini niseme uongo. Nilipomaliza, mtu mmoja nyuma akasema, kumbe na binti anayajua maneno ya kuita mamba.

Hapo Justa akainuka. Akaniuliza, kwa sauti ya chini tu, kama ndio huo ninaomwimbia mwanawe. Nikasema ndio. Nilidhani ananisaidia. Akamfungua mtoto mgongoni mwake, akaitupa ile kanga niliyomzawadia, akamwita mama mkwe wake alete maji, akaanza kumwosha mtoto mbele ya watu wote, kichwa, masikio, kinywa, mtoto analia na kuninyooshea mimi mikono. Watu wakanyanyuka. Jiwe la kwanza lilimpata baba begani.

Sasa nakuambia ambalo watu wa Kibaoni hawawezi kukuambia, maana hawalijui. Nilipiga kelele kwamba nimewadanganya. Nikasema wimbo huo siyo wetu, siyo hata Kindamba, ni maneno ya ovyo aliyoyatunga Martin ili kuwahadaa wageni, na mimi niliuokota kambini kwa kumsikiliza baba anavyofanya mazoezi. Nikamnyooshea Martin kidole. Yule bwana ana akili. Akasimama mara moja, akasema ndiyo, ni wake, ameutunga mwenyewe, hauna maana yoyote. Mwenyekiti akaanza kucheka, wengine wakafuata, wakasema kumbe mzee ni mwigizaji tu. Mawe yakaanza kudondoshwa chini. Baba alinitazama mara moja tu, na damu inamtoka begani.

Siku hizi kambini wanaimba vijana kutoka Kiberege, wamevaa madoa ya chui, matamshi yamekwenda upande. Martin huwatangazia wageni kwamba ni utunzi wake. Nani atamkanusha? Mimi nilimpa mbele ya kijiji kizima. Justa hunisalimia akiwa mbali, na mtoto amefichwa upande wa pili.

Jumapili baada ya misa tulikwenda kulisafisha kaburi la mama. Baba alipiga magoti, akawa anang'oa majani, na bila kujua akaanza kuuimba, taratibu, kama alivyokuwa akimwimbia mama alipokuwa mgonjwa. Njiani wanawake walikuwa wanapita kwenda mashambani. Nikamziba mdomo. Mimi, kaka, nilimziba baba yetu mdomo kwa kiganja changu juu ya kaburi la mama, nikakibana mpaka wale wanawake walipopita. Hakunisukuma. Nilipomwachia, akaendelea kung'oa majani.

Bega lake linapona. Wifi na watoto wasalimie sana. Baba anakusalimu pia, ingawa hakuniambia nikuandikie hivyo.

Ni mimi mdogo wako,
Digna